Bibi Curie, mwanamke aliyeutoa uhai wake kwa ajili ya miale

Hapa Voi ni vigumu kupata nyumba ambayo haina mtu aliyewahi kupigwa eksrei. Huyu alianguka na pikipiki katika barabara kuu ya Mombasa, yule alikohoa miezi miwili akashukiwa kuwa na kifua kikuu, na mwingine aliangukiwa na mawe katika machimbo ya vito huko Kasigau. Wote walisimama au kulazwa mbele ya mashine, wakaambiwa wazuie pumzi, na baada ya muda mfupi daktari akayaona mambo ya ndani ya miili yao bila kumchana mtu hata kidogo.

Lakini ukiwauliza watu hao elimu hiyo ilitoka wapi, wengi watakujibu kwa kifupi tu kwamba ni ya Wazungu. Jibu hilo halitoshi. Leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia habari za mmoja kati ya wale waliotuletea elimu hiyo, mwanamke aliyezaliwa katika nchi iliyotawaliwa na wageni, akasoma kwa taabu, akapata sifa duniani kote, na mwishowe akauawa na kazi ile ile iliyompa sifa. Jina lake ni Marie Curie.

Mifupa ya walio hai

Sisi Wataita tulikuwa na heshima yetu ya mifupa. Kabla ya dini za kigeni kuenea, mzee akifa alizikwa, kisha baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa pamoja na mafuvu ya wazee wenzake katika pango la ukoo. Baadhi ya mapango hayo yangali yapo milimani mwetu hata leo. Kwa mababu zetu, basi, mfupa wa mtu ulionekana baada ya yeye kufa tu, na kuuona lilikuwa jambo kubwa lenye taratibu zake.

Hata Ulaya mambo yalikuwa hivyo mpaka Novemba 8, 1895. Siku hiyo profesa wa Kijerumani, Wilhelm Röntgen, akiwa katika maabara yake mjini Würzburg, aligundua miale isiyoonekana kwa macho ambayo ilipenya karatasi, mbao na nyama ya mwili, lakini ikazuiwa na mifupa na madini. Kwa kuwa hakujua ni miale ya namna gani, aliiita eksi, herufi ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu kisichojulikana. Mwezi uliofuata aliupiga picha mkono wa mkewe. Picha ilitoka ikionyesha mifupa ya vidole, na pete yake ya ndoa ikining'inia kwenye mfupa. Kwa mara ya kwanza mtu aliye hai aliiona mifupa yake mwenyewe.

Habari hizo ziliushtua ulimwengu. Miongoni mwa waliozisikia mjini Paris alikuwako bibi arusi wa miezi michache tu, mgeni kutoka Polandi, ambaye alikuwa akitafuta jambo la kufanyia utafiti.

Utoto katika nchi iliyotawaliwa

Bibi huyo alizaliwa Novemba 7, 1867, katika mji wa Warsaw. Jina lake la kwanza lilikuwa Maria Skłodowska, na alikuwa kitinda mimba katika watoto watano. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia, na mama yake alipata kuwa mkuu wa shule ya wasichana.

Wakati huo Warsaw ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Watoto walilazimishwa kusoma kwa Kirusi, na historia na lugha ya kwao vilifundishwa kwa kificho. Msomaji aliyepitia zile shule zetu za zamani, ambamo mtoto alivishwa kipande cha mbao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama, ataelewa vizuri ninachosema.

Msiba uliingia mapema katika nyumba hiyo. Dada yake mkubwa alifariki kwa homa, kisha mwaka wa 1878 mama yake akafariki kwa kifua kikuu. Maria alikuwa na umri wa miaka 10. Hata hivyo alishika masomo, na mwaka wa 1883 alimaliza shule akiwa na nishani ya dhahabu.

Mlango wa chuo kikuu ulikuwa umefungwa kwa wanawake katika mji ule. Maria na dada yake Bronisława, ambaye alitaka kuwa daktari, wakapatana. Maria angefanya kazi na kumpelekea dada yake fedha za kusomea Paris, na dada akishapata kazi, naye angemwita mdogo wake. Ni mapatano ambayo nyumba nyingi za Taita zimeyafanya, mmoja akikatiza masomo na kwenda kufanya kazi ili mwingine asome.

Maria akawa mwalimu wa nyumbani katika nyumba za matajiri. Huko shambani kijana wa nyumba hiyo alimpenda akataka kumwoa, lakini wazazi wake wakakataa kwa kuwa binti huyo alikuwa maskini. Alivumilia, akaendelea na kazi, na jioni aliwafundisha watoto wa wakulima kusoma lugha yao, jambo ambalo lingeweza kumtia matatani.

Paris na kibanda kibovu

Mwaka wa 1891 zamu yake ilifika. Alipanda treni hadi Paris akajiandikisha katika chuo kikuu cha Sorbonne. Alipanga chumba kidogo juu darini, chenye baridi kali wakati wa kipusa, na mara nyingi chakula chake kilikuwa mkate na chai. Mwaka wa 1893 alishinda mtihani wa fizikia akiwa wa kwanza, na mwaka wa 1894 akawa wa pili katika hisabati.

Wakati huo ndipo alipokutana na Pierre Curie, mwanasayansi mpole asiyependa makuu. Walioana Julai 26, 1895. Hapakuwa na sherehe kubwa. Bibi arusi alivaa vazi la rangi nzito ambalo angeweza kulivaa tena kazini, na fungate yao waliipitisha wakizunguka mashambani kwa baiskeli.

Mwaka wa 1896 Mfaransa mwingine, Henri Becquerel, aligundua kwamba madini ya uraniamu hutoa miale yake yenyewe bila kuwashwa kwa umeme wala kuanikwa juani. Watu wengi hawakulijali jambo hilo, kwa kuwa miale ya Röntgen ndiyo iliyowavutia. Marie alilichukua. Alipima jiwe baada ya jiwe, akaona kwamba jiwe moja jeusi na zito liitwalo pichblendi lilitoa miale mingi kuliko uraniamu iliyokuwa ndani yake. Akakata shauri kwamba lazima mle ndani mna kitu kingine ambacho hakuna aliyekijua. Pierre aliacha utafiti wake akajiunga naye.

Mwezi wa Julai 1898 walitangaza elementi mpya, wakaiita poloniamu kwa heshima ya Polandi, nchi ambayo wakati huo haikuwamo katika ramani ya Ulaya. Mwezi wa Desemba wakatangaza ya pili, radiamu. Lakini wanakemia walitaka kuiona na kuipima.

Kazi iliyofuata wachimbaji wetu wa vito wataielewa kuliko maprofesa. Mtu anayetafuta tsavoraiti, kile kijiwe cha kijani kilichopewa jina la Tsavo yetu, huweza kupindua tani za mawe apate kipande cha kutia kwenye ukucha. Marie aliletewa tani kadhaa za mabaki ya pichblendi kutoka machimbo ya Joachimsthal, ambayo leo yako katika Jamhuri ya Cheki. Mahali pake pa kazi palikuwa kibanda kilichovuja, kilichokuwa joto kali kiangazini na baridi kali kipusani. Aliyachemsha mawe hayo katika masufuria makubwa, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia urefu wake mwenyewe, akivuta moshi wake mchana kutwa. Mwaka wa 1902, baada ya karibu miaka minne, alipata sehemu ya kumi ya gramu moja ya chumvi ya radiamu. Usiku mume na mke walikuwa wakirudi kibandani kuangalia vichupa vyao, maana radiamu ilitoa mwanga wa buluu gizani.

Sifa, kisha msiba

Mwaka wa 1903 Marie, Pierre na Becquerel walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hapo awali jina la Marie halikuwamo. Wakubwa walikuwa wamependekeza wanaume wawili tu, mpaka Pierre alipopata habari akaandika kwamba kazi ile haiwezi kutengwa na mke wake. Hivyo ndivyo alivyokuwa mwanamke wa kwanza duniani kupata tuzo hiyo.

Wangeweza kuwa matajiri wakubwa. Madaktari walikuwa wamekwisha tambua kwamba radiamu huunguza ngozi. Pierre mwenyewe alijiunguza mkono kwa makusudi ili ajue nguvu yake. Kutokana na hilo wakafikiri kwamba kama inaua nyama nzuri, basi yaweza pia kuua nyama mbaya ya saratani. Viwanda vikaanza kuitaka. Lakini akina Curie hawakuiwekea hati ya kumiliki. Waliandika njia yote ya kuitengeneza, wakamwachia kila mtu aitumie.

Aprili 19, 1906, siku ya mvua, Pierre alikuwa akivuka barabara mjini Paris alipokanyagwa na gari la mizigo la kukokotwa na farasi. Alikufa papo hapo. Marie akabaki mjane mwenye umri wa miaka 38, na mabinti wawili, Irène wa miaka 8 na Ève ambaye alikuwa bado mdogo sana. Alitakiwa akubali malipo ya uzeeni ya mjane, akakataa. Chuo kikampa nafasi ya mumewe, naye akawa mwanamke wa kwanza kufundisha huko Sorbonne.

Mwaka wa 1911 ulimletea tamu na chungu. Mwezi wa Januari aliomba kuingia katika Chuo cha Wanasayansi cha Ufaransa, akashindwa kwa kura chache sana, na wengi walimpinga kwa kuwa ni mwanamke na ni mgeni. Mwishoni mwa mwaka magazeti yakamwandama kwa ajili ya uhusiano wake na mwanasayansi mwenzake, Paul Langevin, ambaye alikuwa na mke. Watu walikusanyika nje ya nyumba yake wakimzomea. Katika siku hizo hizo ikaja habari kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya pili, ya kemia. Mkubwa mmoja wa Uswidi alimshauri asiende kuichukua. Yeye akaenda, akaona kwamba tuzo ni ya kazi na mambo ya nyumbani kwake ni mengine.

Vita kule, vita hapa

Mwezi wa Agosti 1914 vita vikuu vya kwanza vilianza, na hapa nataka msomaji aangalie mahali mawili kwa wakati mmoja.

Kule Ufaransa majeruhi walikuwa wakifa kwa kuwa madaktari hawakujua risasi imeingia wapi. Mashine za eksrei zilikuwako katika hospitali za miji, mbali na mapigano. Marie aliomba magari kwa matajiri, akatia ndani mashine ya eksrei, sahani za picha na jenereta iliyoendeshwa na injini ya gari. Alijifunza mpangilio wa mifupa ya mwili, na akajifunza kuendesha gari. Kisha akaenda mpaka karibu na mstari wa mapigano, akifuatana na binti yake Irène aliyekuwa na umri wa miaka 17. Kwa juhudi zake yalipatikana magari yapatayo 20 na vyumba vya eksrei vipatavyo 200, na wanawake wapatao 150 wakafundishwa kazi hiyo. Inakadiriwa kwamba zaidi ya askari milioni moja walipigwa picha. Askari waliyaita magari yale akina Curie wadogo.

Hapa kwetu, mwezi ule ule wa Agosti, Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza wakajenga reli ya vita kutoka Voi, ikapita Mwatate na Bura, na mwaka wa 1915 ikafika Maktau. Watu wa Kasigau walishukiwa kuwasaidia Wajerumani, wakahamishwa makwao kwa nguvu wakapelekwa pwani ya Malindi. Februari 12, 1916, kukawa na mapigano makali katika kilima cha Salaita. Makaburi ya askari wa vita hivyo yangali yanatunzwa hapa Voi, Maktau na Taveta.

Lakini hakuna makaburi ya namna hiyo kwa wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya majeshi hayo. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu, wachache kwa risasi. Gari la Bibi Curie halikuvuka bahari kuja Voi. Nalisema hili bila kumlaumu yeye, maana alikuwa mtu mmoja, na alifanya alichokiweza pale alipokuwa. Nalisema ili tukumbuke kwamba dawa na mashine hufika kwanza kwa wale ambao wakubwa wameona maisha yao yana thamani.

Harambee ya akina mama

Vita vilipokwisha, Marie alikuwa mkuu wa Taasisi ya Radiamu mjini Paris, ambako upande mmoja ulifanya utafiti wa fizikia na kemia, na upande wa pili, chini ya daktari Claudius Regaud, ulitafuta njia za kutibu saratani. Lakini radiamu yenyewe ilikuwa haba. Bei yake ilikuwa imefika dola 100,000 kwa gramu moja, na yeye aliyeigundua na kuwagawia watu elimu yake bure hakuweza kuinunua.

Mwandishi wa habari wa Kimarekani, Bibi Marie Meloney, aliposikia hayo aliwaita wanawake wa nchi yake wachange. Sisi tungeiita harambee. Fedha zikapatikana, na Mei 20, 1921, Rais Harding alimkabidhi Marie ufunguo wa sanduku la gramu hiyo katika ikulu ya Washington. Usiku uliotangulia, Marie aliisoma hati ya zawadi akaona imeandikwa kwa jina lake. Akataka ibadilishwe wakati ule ule, ili akifa, radiamu hiyo iwe mali ya maabara, isije ikawa urithi wa watoto wake. Mwanasheria akatafutwa usiku, hati ikaandikwa upya. Viongozi wengi wa siku hizi wangefaa kukisoma kisa hicho mara mbili.

Moto upikao na uunguzao

Miale ya radiamu hupiga chembe za mwili na kuziharibu ule mpango wa ndani unaoziwezesha kuzaana. Chembe za saratani huzaana ovyo na hazijui kujitengeneza vizuri, kwa hiyo huumia kuliko chembe nzima. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa miale kidogo kidogo, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, ili chembe nzuri zipate nafasi ya kupona katikati.

Lakini moto ule ule upikao ugali huunguza nyumba. Marie alibeba vichupa vya radiamu mfukoni na kuviweka karibu na kitanda. Vitani alisimama kando ya mashine za eksrei bila kinga ya kutosha. Vidole vyake vilikakamaa na kuunguzwa, macho yake yakaingia mtoto wa jicho akapasuliwa mara kadhaa. Huko Marekani, wasichana waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa ili zing'ae usiku walikuwa wakiichonga brashi kwa midomo, na katika miaka ya 1920 wakaanza kuoza mataya na kufa.

Julai 4, 1934, Marie alifariki katika hospitali ya milimani kusini-mashariki mwa Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 66. Uboho wa mifupa yake ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu. Miezi michache kabla, aliwahi kuona binti yake Irène na mkwewe Frédéric Joliot wakigundua njia ya kutengeneza elementi zenye miale kwa mikono ya binadamu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1935. Irène naye alikufa mwaka wa 1956 kwa saratani ya damu. Mwaka wa 1995 mwili wa Marie ulihamishwa ukazikwa tena kwa heshima katika jengo la mashujaa wa Ufaransa liitwalo Panthéon. Madaftari yake ya kazi yangali yanatoa miale, na huhifadhiwa katika masanduku yenye risasi.

Kutoka radiamu hadi mashine za leo

Baada yake elimu hiyo ilikua. Mwaka wa 1951 Wakanada walianza kutibu kwa kobalti, iliyotengenezwa katika tanuri za atomu, ambayo ilikuwa rahisi kuliko radiamu. Mwaka wa 1953 hospitali ya Hammersmith mjini London ilianza kutumia mashine inayotengeneza miale kwa umeme, ambayo ikizimwa haitoi miale tena. Mwaka wa 1971 Mwingereza Godfrey Hounsfield alimpiga picha mgonjwa wa kwanza kwa mashine inayouzunguka mwili na kuuonyesha vipande vipande kama mkate uliokatwa. Ndiyo hiyo tunayoiita siti skani. Ultrasaundi, ambayo mama wajawazito wa Voi wanaijua vizuri, hutumia sauti tu, wala haina miale.

Katika Kenya, kwa miaka mingi, mgonjwa wa saratani asiyekuwa na fedha alikuwa na mlango mmoja tu wa matibabu ya miale, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, yapata kilomita 330 kutoka Voi. Jirani zetu wa Uganda waliionja hatari ya mlango mmoja mwaka wa 2016, mashine yao pekee ya kobalti pale Mulago ilipoharibika kabisa. Mpya ilianza kazi mapema mwaka wa 2018, na wengi hawakuweza kungoja.

Mambo yamesogea. Mpango wa serikali wa mwaka wa 2015 ulileta vifaa vya kupigia picha katika hospitali za kaunti zote, na katika miaka ya 2020 matibabu ya miale yalivuka Nairobi yakafika hospitali za umma za Nakuru, Garissa na Mombasa. Mtu wa Voi sasa anaweza kushuka pwani, safari ya nusu ya ile ya zamani. Kwa mtu wa Taveta, ambaye lazima kwanza asafiri kilomita zaidi ya 100 kufika Voi, bado ni mbali.

Kwa nini nimeandika haya

Nilikuwa na shangazi aliyeishi juu milimani. Alianza kutokwa na damu baada ya hedhi kukoma, akanyamaza kwa aibu. Alipokubali kushuka, tulimpeleka katika hospitali moja ya Nairobi, akaambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi na kwamba atangoje zamu ya miale. Alingoja miezi. Katika miezi hiyo majirani walimjaza hofu, huyu akisema mashine hukausha damu, yule akisema humchoma mtu tumboni mpaka afe. Siku ya kwanza alitetemeka mpaka muuguzi akamshika mkono. Kisha akastaajabu kwamba hakusikia kitu. Miale ilikausha damu iliyokuwa ikimtoka na kumpunguzia maumivu, akaweza kukaa uani na kuchambua mboga na wajukuu wake. Lakini ugonjwa ulikuwa umeenea. Tulimzika mwaka uliofuata.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Saratani hiyo ni miongoni mwa zile zinazoua wanawake wengi zaidi nchini, na hali ni moja kati ya zinazotibika vizuri ikikamatwa mapema. Njia moja ya kuitibu ni kuweka kitu chenye miale karibu kabisa na uvimbe, nayo ni mtoto wa moja kwa moja wa radiamu ya Bibi Curie. Kuna upimaji wa mapema, na mwaka wa 2019 serikali ilianza kutoa chanjo kwa wasichana wa miaka 10.

Basi, akina mama wa Sagalla na Mwatate, wa Wundanyi na Taveta, msiiogope mashine. Wanaoifanyia kazi leo hukaa nyuma ya ukuta mnene na hupimwa miale waliyopata, kwa sababu kuna watu waliokufa kabla hatari hiyo haijajulikana. Nanyi akina baba, mwanamke akilalamika kwa tumbo lisilopona au damu isiyokoma, usimwambie avumilie. Mpe nauli ashuke hospitali, tena mapema, wakati ugonjwa ungali mdogo na dawa ingali na nguvu.